Posa Iliyotafunwa Njia ya Merti

Kinanu binti Ntongai alikuwa na kosa moja tu, na kosa lenyewe lilifika Isiolo kila Jumatano likiwa limekunjwa mara mbili. Lilikuwa gazeti. Ukurasa wa mbele ulitoa habari za vita vya Shifta, waasi wa kaskazini, ambazo watu wa Isiolo walizijua kabla mwandishi hajaamka. Kurasa za katikati zilizungumzia mahindi na hotuba. Ukurasa wa nyuma ndio uliobeba hadithi ya Edwini na Rozina, sura moja kwa wiki, na hapo ndipo moyo wa Kinanu ulipokuwa umepanga chumba.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na banda la miraa sokoni lililoezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa. Kila adhuhuri miraa iliteremka kutoka Maua, milimani kwa Wameru, kwa pikapu, na kuanzia hapo hapakuwa na mchezo: kufungua magunia, kuchagua, kukata ncha za vijiti, kufunga vibunda upya kwa kamba za mgomba na kuvifunika kwa majani mabichi visinyauke. Siku ya Jumatano, mikono ikipata nafasi kidogo, Kinanu alipanda juu ya gunia tupu akasoma kwa sauti. Upande wa kushoto alikuwa Racho, Mborana aliyeuza maziwa ya ngamia. Upande wa kulia alikuwa Nakuam, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa. Wote wawili hawakujua hata herufi moja, na wote wawili hawakukosa hata sura moja.

Edwini alikuwa kijana wa Nairobi asiyeonekana akifanya kazi yoyote ila kusema. Alimsemea Rozina dirishani, akamsemea stesheni, na asipomwona akamwandikia barua za kurasa sita.

"'Rozina,'" Kinanu alisoma, sauti ikimtetemeka, "'bila wewe nitakufa.'"

"Atakufa na nini?" aliuliza Racho.

"Na mapenzi, mama."

"Wee! Hapa watu wanakufa na bomu ya barabara, yeye anakufa na mapenzi. Huyo mwanaume yuko na ng'ombe ngapi?"

"Haijaandikwa."

"Basi hana."

"Na amelia tena?" Nakuam akadakia. "Wiki ile ingine alilia. Sasa mbuzi yake nani anachunga?"

Walicheka, lakini Racho hakuwa akitania kabisa. Watu wake walikuwa wamekusanywa kijiji kimoja chini ya bunduki za askari, wao na mifugo yao, na malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Kila mwezi ng'ombe wa mumewe walipungua. Mwanamume wa hadithi asiye na hata ndama mmoja wa kupoteza alimchosha.

Sasa tumlete Kobia, maana yeye mwenyewe hatajileta. Kobia ndiye aliyekuwa dereva wa ile pikapu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha Kobia kilikuwa na miaka miwili na mshindo ulikuwa haujasikika. Alishuka, akasema, "Zimefika." Siku ambayo roho yake ilikuwa na furaha kupita kiasi aliongeza, "Jana kulinyesha." Akateremsha magunia. Kisha akachukua kile kisu kidogo cha Kinanu cha kukatia vijiti, akatoa kinoo mfukoni, akakitemea mate, akanoa taratibu, akajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba, akakirudisha mahali pake na kuondoka. Kila siku, miaka miwili. Kinanu alidhani anapenda visu.

Yeye alimpenda Kobia, na asikudanganye mtu. Aliitambua sauti ya ile pikapu tangu kizuizi cha askari, na ikichelewa hakuona ladha ya chai. Lakini alitaka kuambiwa. Siku moja alimsomea makusudi barua nzima ya Edwini, kisha akamwuliza, "Umesikia mwenzako anavyosema?" Kobia alifikiri kwa muda mrefu, kisu mkononi.

"Huyo mtu ana kazi?" akauliza.

Kinanu alikasirika siku tatu. Alimwapia Racho kwamba mwanamume asiyeweza kufungua kinywa hatampata yeye, hata akija na lori zima.

Basi Jumatano moja ya mvua za Novemba, pikapu ilifika kwa kuchelewa. Gazeti lilikuwa limetangulia, na Kinanu alikuwa juu ya gunia, Edwini amepiga magoti kwenye tope mbele ya nyumba ya Rozina. Kobia hakuwa akirudi Maua siku hiyo. Tajiri wake alimwamuru aache pikapu, apeleke mzigo Merti, kaskazini, kwa gari jingine na kwa msafara wa magari uliolindwa na askari, kwa sababu dereva wa njia ile alikuwa ameugua ghafla aliposikia jina la njia. Msafara ungeondoka saa nane.

Kobia alisimama mbele ya banda, ameshika kibunda kikubwa kuliko vingine, kimefunikwa majani mabichi tabaka mbili na kufungwa kwa fundo lililopita mara tatu.

"Hiki ni cha nyumbani," alisema. "Mpe baba yako."

"Asante. Weka hapo," Kinanu alijibu, jicho halikutoka Nairobi.

Kobia akakiweka. Akafungua kinywa, akakifunga. Akanoa kisu, akaenda zake.

Mmeru yeyote aliyelelewa milimani angeruka kutoka kwenye lile gunia. Kibunda kile kilikuwa ncoolo, miraa ya posa. Hiyo hupelekwa na wazee, huwekwa mbele ya baba wa msichana, na baba akiifungua na kuitafuna pamoja na wenzake, amekubali. Lakini mwaka ule wazee wa Maua hawakuwa na hamu ya barabara ya Isiolo. Mjomba wa Kobia, Mzee Kaberia, aliifunga ncoolo kwa mikono yake mwenyewe, akaituma itangulie, akasema atafuata baada ya siku nane kusikia jibu. Naye Kinanu alizaliwa Isiolo, akakulia Isiolo. Ncoolo aliisikia ikitajwa kwenye harusi za watu, hakuwahi kuiona. Posa aliyoijua yeye ilikuja kwa barua, ndani ya bahasha.

Hata dakika kumi hazijapita, akaja Isacko, dereva wa lori, Mborana wa Merti, mtu wa mzaha na meno makubwa.

"Salaam aleikum, Kinanu. Nipe kitu kizuri. Hiyo njia inataka mtu macho wazi."

"Vya jana vimekwisha, Isacko, na vya leo bado viko guniani."

"Na hicho?"

Kinanu alikitazama kile kibunda. Baba yake alikuwa na magego mawili tu, na kesho angepata kibunda kingine. Akampa Isacko, akarudi mbio kwenye tope la Nairobi, ambako Edwini alikuwa bado amepiga magoti. Alisoma sura ile mara mbili, na mara ya pili alilia.

Kesho yake pikapu iliendeshwa na kijana aliyeitwa Mbaabu, mdomo haufungi. Kabla hajateremsha gunia moja alikuwa amesema habari za mvua, za mpira, za meno ya shangazi yake, na za Kinanu kuwa mzuri kama asubuhi. Hakugusa kisu. Kinanu alimsubiri Kobia Ijumaa, akamsubiri Jumamosi. Jumatatu Mbaabu alisema kwamba Kobia ameomba kubaki Merti. Kinanu alifunga kibunda kimoja mara tatu, akajiambia ni usingizi.

Jumatano gazeti halikuja. Mto ulikuwa umesomba daraja upande wa Nanyuki. Lakini Racho na Nakuam walikuwa wamekwisha kukaa.

"Soma," akasema Racho.

"Gazeti halijafika, mama."

"Wewe unajua hao watu. Sema wamefanya nini."

Basi Kinanu akapanda gunia na kuanza kutunga. Rozina alimkubali Edwini. Wakaoana. Edwini akasema maneno matamu asubuhi, akasema mchana. Hapo Kinanu akakwama, maana ndoa ni siku nyingi na maneno ya Edwini yote alikuwa ameyatumia kabla ya chakula cha jioni.

"Halafu?" Nakuam akauliza.

"Halafu... Rozina alikuwa na kisu cha jikoni. Edwini akakiona kimekuwa butu. Hakusema kitu. Akatoa kinoo mfukoni, akakitemea mate, akanoa pole pole, akajaribu na ukucha..."

"Huyo ameanza kuwa mwanaume," Nakuam alisema kwa kuridhika.

"Siku ya mvua alimwekea majani ya mgomba juu ya mzigo wake usilowe, yeye mwenyewe akalowa. Na kila siku alipofika alisema, 'Zimefika.'"

Wale wanawake wawili walitazamana. Racho akapiga makofi, akacheka mpaka ushungi ukamteleza begani.

"Wee Kinanu! Huyo si Edwini. Huyo mimi namjua. Amekunywa maziwa yangu miaka mbili!"

Kinanu alifungua kinywa ajitetee, akakuta kimejaa kilio. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini yeye alikuwa amejificha mwenyewe. Alishuka kutoka kwenye gunia, akajifunika uso kwa kanga na kulia mbele ya soko zima. Nakuam akamsukumia Racho kikombe, Racho akakijaza maziwa, wakamkalisha katikati yao anywe.

Mzee Kaberia alifika kesho yake, siku ya nane kama alivyoahidi, na fimbo yake na koti lake la harusi za wengine. Mzee Ntongai, baba yake Kinanu, alikuwa seremala, na alimkaribisha kwenye benchi kati ya takataka za randa. Kinanu alileta chai. Wazee waliulizana habari za mvua, habari za njia, habari za Shifta. Kisha Kaberia akakohoa.

"Tulileta mzigo hapa."

"Mzigo gani?" aliuliza Ntongai.

"Ncoolo. Kobia alimkabidhi binti yako mkononi. Ilitakiwa niilete mimi, lakini vita havina adabu."

Kinanu aliona fundo lile lililopita mara tatu, kana kwamba liko mbele yake.

"Nilimpa Isacko," alisema.

"Isacko wa lori?" baba yake akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Akaifanya nini?"

"Aliitafuna, baba. Njia ya Merti."

Ntongai aliweka kikombe chini. "Posa ya mtu! Unaiuza kama majani ya mbuzi? Nimekufundisha kusoma ili upofuke?" Alisema na mengine, yote ya haki.

Kaberia alisubiri mwenzake apungukiwe na pumzi. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza.

"Kwa mila yetu," alisema, "aliyeitafuna ndiye aliyekubali. Naona Kobia itabidi amwoe Isacko." Kisha uzee ukamrudia usoni. "Lakini si mzaha, binti yangu. Kobia ametuma neno. Anasema jibu amelipata. Mwezi huu ukiisha ataandikwa dereva wa huko kabisa, Merti na Biliqo, na harudi. Njia hiyo, mwaka huu tu, magari manne yamerushwa na mabomu."

Kinanu alihesabu siku. Zilibaki kumi na tatu.

Ijumaa msafara uliporudi alimngoja Isacko kwenye kizuizi, na Isacko akamsimulia bila kujua anachosimulia. Walisimama askari wakague barabara. Akatoa kibunda, akamkaribisha Kobia kama ilivyo heshima ya safari.

"Akaangalia hiyo fundo. Akaniuliza, 'Umetoa wapi?' Nikamwambia, kwa Kinanu, duka yake. Wallahi, hakuchukua hata kijiti moja. Akaenda kukaa ndani ya gari yake, peke yake."

"Hongera, Isacko," alisema Racho, aliyekuwa amemfuata Kinanu asikose sura. "Umeposwa na ukakubali." Akamweleza.

Isacko alishika kichwa. Akatema mate chini kwa heshima ya balaa. "Ndiyo maana ilikuwa tamu hivyo," alisema kwa huzuni.

Jioni hiyo Kinanu aliketi mlangoni na karatasi. *Kobia, bila wewe nitakufa,* aliandika, na papo hapo akamsikia Racho akiuliza, na nini? Akakata. *Machozi yangu ni bahari.* Bahari hakuwahi kuiona, wala Kobia. Isitoshe, barua ya Merti ingesomwa kwanza na karani, kisha na marafiki wa karani. Maneno yote mazuri aliyoyajua yalikuwa ya Edwini, na Edwini, alipomfikiria vizuri, alikuwa mtu wa kuchosha. Aliichana karatasi. Alijionea aibu kwamba miaka miwili mtu alimwambia kila siku, na yeye akadhani anaambiwa habari za visu.

Kesho yake akachukua kile kisu. Siku kumi hakikunolewa, lakini kilikuwa bado kikali. Basi Kinanu aliketi kwenye jiwe la mlango wa banda, akaanza kusugua makali juu ya jiwe, akiyakandamiza ili yawe butu. Wateja walikuja, wakangoja, wakaenda.

"Msichana ameharibika kichwa," Nakuam alisema.

"Nyamaza," alisema Racho, ambaye alikuwa ameelewa. "Anaandika barua."

Kilipofika mahali ambapo hakingekata hata jani la mgomba, alikifunga kwa ukurasa wa gazeti, ule ule wa Edwini kwenye tope, akampa Isacko kabla msafara haujaondoka.

"Mpe Kobia. Usiseme neno."

"Na akiuliza?"

"Kobia? Kuuliza?"

Siku ya nne habari zilifika sokoni kwamba lori limekanyaga bomu njia ya Merti. Hazikuja na jina. Kinanu aliogopa kama hajapata kuogopa. Aliogopa mchana kutwa, mikono ikifunga vibunda vilivyofunguka vyenyewe, na Racho, ambaye alikuwa na ndugu wawili njia ile, alihamishia chupa zake za maziwa ndani ya banda wakae pamoja.

Msafara uliingia siku ya saba. Lori lililorushwa lilikuwa la mtu mwingine, na dereva wake alivunjika mguu. Isacko alishuka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Alipokea," alisema. "Akafungua. Akapitisha kidole. Akaweka mfukoni."

"Akasema nini?"

"Nini? Hakusema."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Uso ya Kobia, ni ile moja tu." Isacko akatazama pembeni haraka, kama mtu anayezuia kitu mdomoni, akaenda kutafuta chai.

Kinanu alikata tamaa, na alikata tamaa vizuri, bila sauti na bila kupiga magoti popote. Alifunga banda mapema.

Adhuhuri ya siku ya pili, alipokuwa akiazima kisu kwa Nakuam, alisikia pikapu kwenye kizuizi. Mbaabu alikuwa nyuma, juu ya magunia, akilalamikia upepo. Mbele alikaa Mzee Kaberia, amepakata kibunda kikubwa kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa. Kwenye usukani alikuwa Kobia. Alikuwa amerudi na msafara ule ule, mkiani kabisa, akapita Isiolo bila kusimama na kupanda moja kwa moja Maua. Isacko alijua tangu mwanzo.

Kinanu alinyoosha mikono kumsaidia mzee.

"Rudisha mikono!" Kaberia akafoka. "Hiki hukigusi. Tunajua unavyofanya biashara." Akaelekea kwa seremala, akilindwa na Mbaabu aliyeendelea kuzungumza.

Kobia alisimama mbele ya banda. Alikuwa amekonda, na vumbi jekundu la kaskazini lilikuwa bado masikioni mwake.

"Zimefika," alisema.

Alitoa kisu mfukoni, akakifungua kutoka kwenye ule ukurasa wa gazeti, akakiweka mahali pake. Makali yalikuwa kama wembe.

"Hiki hakikuisha kwa kazi," alisema. "Kilisagwa kwa jiwe."

"Ndiyo."

"Muda gani?"

"Tangu saa nne mpaka adhuhuri. Ulikuwa umekinoa sana."

Kobia alitazama chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Kinanu aliyaona meno yake yote.

"Ungeniita tu," alisema.

"Ningekuita kwa maneno gani?"

Kobia alilifikiria swali hilo kwa haki. Kisha akaanza kuteremsha magunia, na Kinanu akashika upande wa pili wa kila gunia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Racho alivumilia mpaka gunia la tatu.

"Wee Kinanu!" aliita kutoka upande wa kushoto. "Amesema nini?"

Kinanu alichukua kamba ya mgomba, akaigusa kwa kisu, ikajipasua yenyewe. Alikuwa akicheka, na machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

"Amesema zimefika, mama."